Roboti ya Mota Kumi na Saba

Miezi minne nilisoma kwenye simu juu ya roboti za kujiundia nyumbani. Ile ya wanaoanza, ya mota sita, niliidharau: inatembea tu, haina hata mikono.

Mama akacheka. "Weye, unachagua roboti ao muchumba?"

Nikaagiza kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, ile ya mota kumi na saba. Ilifika kwa boti. Nikaunga mguu mmoja, nikaona mota moja imepinda kidogo tu, nikaufungua. Mpaka juzi nilikuwa nimeufungua mara tisa, mimi fundi mkubwa.

Dada yangu mdogo alinunua ile niliyoidharau. Jana ilivuka meza ikiyumba, ikaanguka, akaishangilia.

"Kaka," akaniuliza, "mguu wako unapona?"

Nilikuwa naufungua mara ya kumi.