Nimeapa Bomani Kwamba Mjomba Amekufa, Naye Anataka Kunisindikiza

Mhariri wa ukurasa huu, nakuomba jina langu ulifiche, na kijiji chetu pia usikitaje, maana huku Ruangwa gazeti moja husomwa na mtaa mzima. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, Mmwera, nina mume na binti mmoja ambaye bado namnyonyesha. Nimesoma misheni mpaka darasa la nne. Wanaonijua husema mdomo wangu hutangulia na akili hufuata baadaye. Safari hii wamesema kweli.

Mume wangu ni mtu wa Nyasaland. Alikuja Nachingwea kuendesha trekta kwenye mashamba ya karanga, tukaonana, akanipenda nami nikampenda. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nimelelewa na mjomba wangu, kaka yake mama, kwa hiyo posa ilikwenda kwake. Mjomba alikubali kwa sharti moja, kwamba mume akae kwetu kama ilivyo desturi yetu. Mume wangu akajenga nyumba karibu na ya Mjomba, akalima naye ufuta na mihogo, wala hakuna aliyemnung'unikia.

Sasa kazi ya karanga imekwisha, matrekta yamelala, na mume wangu anataka kurudi kwao. Wazazi wake wamezeeka. Lakini ili mimi nipokewe kule na kukaa kama mke wake, ni lazima nipate kibali, na kibali hakitolewi mpaka Bomani waridhike kwamba ndoa yetu ni ya kweli na kwamba wakubwa wangu wameniruhusu. Karani wa Nachingwea alituambia wazi kwamba kwa sisi Wamwera mkubwa ni mjomba, basi aje mjomba mwenyewe aseme kwa kinywa chake.

Tulipompelekea Mjomba neno hilo alikataa katakata. Alisema mume aende akasalimie wazazi wake arudi, lakini binti yangu haondoki. "Kwa hao watu mtoto ni wa baba," aliniambia. "Huyu wa kike ndiye ukoo wetu. Ukimpeleka huko, mama yako amekufa mara ya pili." Nilitoka kwake nimefura kwa hasira. Nilimsema njia nzima.

Tuliporudi Bomani, karani aliniuliza, mjomba yuko wapi? Sijui nini kilinipanda. Nikasema, "Mjomba amefariki." Karani akanipa pole, akasema kama mama hayupo na mjomba hayupo basi nitaapa mwenyewe mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa Boma. Nikaapa, tukaambiwa tungoje kibali. Niliinua mkono, ndugu zangu, nikamzika mtu ambaye asubuhi ile alikuwa amemtumia binti yangu uji wa mtama. Njiani mume wangu aliniuliza swali moja tu. "Na mimi siku moja utaniua hivyo?" Nilimjibu kwa ukali.

Kwetu kumtangaza mtu amekufa hali yu hai ni kumwitia kifo. Nililijua hilo tangu utotoni, na wazee wakisikia watataka tambiko na maneno mazito. Basi haukupita muda Mjomba akashikwa na homa. Watu walisema ni homa ya mvua tu, itapita. Mimi nikajua ni mimi. Nilihamia kwake na mtoto wangu, nikamuuguza, nikamkanda, nikamlisha kwa mkono wangu, nikimwomba Mungu asiyatimize maneno yangu. Kila mtu alinisifu. Wanawake walisema mpwa wa namna hii hayupo tena siku hizi, nami nikitamani ardhi inimeze.

Mjomba amepona. Na kupona kwake ndiko kumeniletea balaa. Juzi aliniita mimi na mume wangu, akatukalisha, akasema pale kitandani alifikiri sana. "Mama yako mwenyewe asingeniuguza kama ulivyoniuguza," alisema. "Mtoto mwenye moyo kama huu nikimfungia hapa nitakuwa namwonea. Nenda na mumeo, uniletee mtoto anisalimie nikiwa bado na macho. Bomani nitakwenda mwenyewe, niseme mbele ya Bwana Shauri kwamba nimekuruhusu." Akalia, na mume wangu naye akalia. Mimi nilikauka tu.

Tangu hapo nimemdanganya kwamba karani amekwenda likizo. Lakini Mjomba amekwisha kuazima koti kwa katekista, na kila apitaye huambiwa kwamba wiki ijayo anakwenda Nachingwea kwa ajili ya mpwa wake. Akifika pale na kutaja jina lake, karani atajua nimeapa uongo. Wanaweza kunifunga, na kibali tutakikosa. Nikiondoka kimya na mume wangu kabla ya siku hiyo, mzee atakwenda peke yake, na karani ndiye atakayemwambia kwamba yeye ni marehemu. Mume wangu anasema nimwambie Mjomba kila kitu sasa hivi, hata kama atatuzuia. Nimejaribu mara nyingi. Nikimtazama usoni maneno yanakwisha.

Mlio wakubwa kuliko mimi, na mliowahi kumkosea aliyewalea, nishaurini. Hivi ninavyoandika yuko uani, ameliweka lile koti begani, anauliza kama litamfaa mtu anayekwenda kumsemea mwanawe. Nimjibu nini?