Pampu ya Mvumbuzi

Mama Ndoo alikuwa msafishaji wa makumbusho ya mvumbuzi wa pampu ya mkono. Kila asubuhi, kabla wageni hawajaingia, alivuka kamba nyekundu uani, akaitia grisi ile pampu ya kwanza kabisa ya mvumbuzi, kisha akateka maji ya kupigia deki. Bomba la ndani hakutaka hata kulisikia. Maji yake, alisema, hayatoki mpaka yabembelezwe.

Siku moja mkurugenzi aliwahi kazini, akamfuma anapampu kwa nguvu zake zote.

"Mama! Hiyo ni kumbukumbu! Hujaona kibao kimeandikwa 'Usiguse'?"

"Nakiona vizuri sana, mwanangu. Mimi ndiye ninayekifuta vumbi."

"Sasa?"

"Sasa pampu ikikaa bila kuguswa inakufa. Yule mzee alihangaika miaka yote ile watu wapate maji, siyo wapate kitu cha kupigia picha."

Mkurugenzi alitazama chini. Ndoo ilikuwa imejaa, maji yanamwagikia viatu vyake vilivyong'arishwa.

"Usinisimamie kama mtalii, bwana. Lete ndoo nyingine."

Akaleta. Akaiweka chini, akakunja mikono ya shati, akaomba naye ajaribu.