Weye Iko wa Nani?

Watu wa redio hupenda kuniuliza kama ninapochekesha huwa ninalia moyoni. Mimi huwajibu kwamba ninapochekesha huwa nina njaa, kwa sababu sili kabla ya kupanda jukwaani, nao huondoka wakisema nimekwepa swali. Sikwepi. Moyoni silii. Moyoni nina hasira, ninayo tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na hiyo hasira ndiyo iliyonipa kazi.

Tulikuwa watatu siku ile, tukikimbia kutoka shambani kwetu upande wa Iga Barrière, huko Ituri: baba, mama na mimi. Baba alilima viazi na maharage, na alikuwa mcheshi wa aina ile inayomchosha mke. Hata akiugua malaria alimwambia muuguzi amchome jirani kwanza, yeye hana haraka. Asubuhi hiyo risasi zilianza kulia kilimani, tukaacha chungu mekoni na kushika njia ya kwenda mjini Bunia. Kwenye kona tukakuta kamba. Ilikuwa kamba ya nailoni ya kijani, ile ya kufungia mbuzi, imevutwa kutoka mti hadi mti, na nyuma yake walisimama vijana wanane wenye mapanga na bunduki moja. Miguuni mwao walilala watu wawili, na hawakuwa wamelala usingizi.

Mwenye bunduki alimwuliza baba, "Weye iko wa nani?"

Kwetu kila mtu anajua maana ya swali hilo. Halimhusu baba yako wala babu yako. Linahusu kabila, na lina jibu la kupita na jibu la kufa, na hujui lipi ni lipi mpaka umeshajibu. Baba akavua kofia.

"Chef," akasema, kama tunavyomwita kila mkubwa, "miye iko wa bibi yangu. Na yeye mwenyewe anataka kunirudisha."

Bibi kwetu ni mke. Wakamwangalia mama, aliyekuwa amekunja uso kwa hofu, na uso huo ulifanana kabisa na uso wa mke aliyechoka. Wakacheka. Nasema kweli, walicheka. Mmoja alipiga paja, mwingine akashika mti asianguke. Mwenye bunduki akasema, "Rudia." Baba akarudia, akaongeza na sauti ya mama akigombana, na wakati wanacheka mama alinishika mkono, akainua kamba, tukapita chini yake. Hakuna aliyetuzuia. Tulikuwa tumeshakwenda hatua thelathini hivi niliposikia, "Rudia tena."

Mama alinivuta lakini niligeuka. Baba alisema mara ya tatu maneno yale yale, na mara hiyo hakuna aliyecheka. Panga la kwanza lilimpata pembeni mwa shingo na halikumaliza kazi. Akaishika kamba asianguke. La pili likaukata mkono ulioishika kamba. Yaliyofuata sikuyahesabu, maana mama aliniangusha kwenye majani na kunilalia, mdomo wangu ukajaa udongo.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza sheria ya kwanza ya kazi yangu: mzaha mmoja hausemwi mara tatu mbele ya watu wale wale.

Bunia tulipewa turubai kwenye kambi ya watu waliokimbia vita. Huko nilianza kuchekesha, mchana, kwenye foleni ya sabuni. Wanawake wawili walikuwa wakipigania nafasi. Mmoja alikuwa amemng'ata mwenzake sikio na hakuliachia, damu ikimchuruzika kidevuni, na wanaume walikuwa wamesimama tu wakitazama. Nikapiga kelele, "Mama, wacha sikio! Leo banagawa sabuni, nyama ni kesho!" Foleni nzima ikacheka. Na yule mwanamke naye akacheka, na mtu hawezi kucheka meno yakiwa yamefungwa. Sikio likaokoka, nusu.

Baadaye nilipata ukumbi mtaa wa Mudzipela, nyuma ya baa, viti vya plastiki na kipaza sauti kimoja tunachokiita mikro, kila Jumapili alasiri. Niliwaambia watazamaji kwamba siye watu wa wilaya ya Djugu tunakimbia vita kwa mbio hadi tunavipita, tunaingia vingine. Niliwaambia kwamba kambini bwana na bibi wakigombana kwa kunong'ona, jirani hugonga turubai akisema, "Sema kwa nguvu, hatusikie muzuri." Mzaha wangu wa Jumapili, Jumatatu ninaukuta sokoni, dereva wa moto, yaani pikipiki, ananisimulia mimi mwenyewe kana kwamba ameuzaa yeye. Nimegombana na watu wengi juu ya hilo, na mmoja nilimrushia chupa.

Mama alikuja kila Jumapili. Alikaa nyuma karibu na mlango, kwa sababu tangu siku ya kamba hakai mahali ambapo haoni mlango. Alinipa katazo moja tu. "Uzisha njaa," alisema, "uzisha turubai, hata miye uniuzishe. Ile ya baba yako, hapana kuuzisha." Kuuzisha kwetu ni kuuza. Nikaapa.

Kisha akaja mtu kutoka Kisangani, akitafuta mchekeshaji mmoja wa Ituri kwa jukwaa kubwa la huko. Alinitazama Jumapili mbili. "Unachekesha," akaniambia, "lakini unatuchekesha ukiwa mbali. Leta kitu yenye ilikuuma." Niliudhika, kwa sababu alisema kweli. Nami nilikuwa nalitaka jukwaa lile kama mtu anavyotaka maji. Nilitaka kutoka Bunia nikiwa nimealikwa, si nikiwa ninakimbia. Jumapili iliyofuata nikavunja kiapo.

Ukumbi ulijaa, na wengi walikuwa watu wa kambini. Niliwapa asubuhi ile, niliwapa chungu mekoni, nikawapa kamba ya kijani. Nilimwona mama anainuka, halafu anakaa tena. Nikavua kofia niliyoiazima kwa ajili hiyo, nikasema kwa sauti ya yule kijana, "Weye iko wa nani?" Nikanyamaza kidogo, kama kazi inavyotaka, ili swali liwaingie.

Kutoka safu ya tatu mtu akajibu, "Miye iko wa bibi yangu!" Akapiga paja.

Watu wakacheka. Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa mwanamume wa makamo, viatu vya plastiki vimekaukiwa na tope jekundu la machimboni, bia mkononi, amefurahi kwelikweli. Nikapiga hesabu ya watu wanaoweza kuyajua maneno yale. Baba amekufa. Mama na mimi. Na vijana wanane.

"Rudia," nikasema kwenye mikro.

Akasimama, akageukia watu, akamalizia kabisa, "Na yeye mwenyewe anataka kunirudisha!" Wakacheka, ila kidogo.

"Rudia tena."

Alisita. Alirudia kwa sauti ya chini, akitabasamu bila kujua kwa nini anatabasamu, na hakuna aliyecheka. Ndipo nikasema, na nilisema polepole, "Ile maneno, baba yangu alisema mara tatu kwa kamba. Kisha bakamukata. Sikuelezaka muntu. Weye uliisikia wapi?"

Alifungua mdomo kujibu. Kiti cha kwanza kilimpata hapo hapo mdomoni.

Sitapamba. Walimpiga kwa viti mpaka vikavunjika, kisha kwa miguu ya viti iliyovunjika, ambayo ina ncha. Mwanamke ninayemfahamu, mama wa watoto watano anayeimba kanisani, alimkanyaga mkono tena na tena kama anaponda sombe, kisamvu chetu. Chupa ilivunjwa ukingoni mwa jukwaa langu na vigae vikanirukia miguuni. Alikuwa analia, "Mama yangu, mama yangu," kwa lugha ambayo si ya kwetu wala si ya wale wa kamba, na nililisikia hilo. Mtu akaanza kupiga kelele kwamba tairi liletwe, achomwe.

Na mimi nilikuwa na mikro. Nilikuwa nimeliokoa sikio kwa sentensi moja, nilijua namna. Hata mzaha wenyewe ulinijia, mzuri, uko tayari kwenye ulimi: kwamba hivi ni viti vya kukodi. Wangecheka, nawajua watu wangu, wangecheka na mikono ingelegea, na mtu yule angepita chini ya kamba. Nikaumeza. Nilimtazama akipigwa na nikaona raha, raha ya tumboni, kama kushiba. Ndiyo aibu yangu na sina nyingine kubwa kuliko hiyo.

Aliyeingia ni mama. Sikumwona akiuacha mlango. Nilimwona tu yuko chini, amemlalia yule mtu kama alivyonilalia mimi kwenye majani, na mguu wa kiti ukashuka kwenye mkono wake, nikasikia mfupa ukivunjika. Waliposikia mama akipiga yowe waliacha. Walijua ni mama yangu. Mtu akaita moto, pikipiki ya kukodi, wakampakia yule mwanamume katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia begani mwa dereva.

Baada ya siku nne mama, mkono ukiwa ndani ya plasta, alipeleka bugali na sombe hospitali. Nilimwambia hana akili. Akaenda hivyo hivyo. Aliporudi alikaa chini, akavua viatu kwa mkono mmoja.

"Iko muchimba-zahabu," akasema. "Alitokaka mbali, kule kwa Bawele, kabila ingine kabisa. Wakati baba yako anakufa, yeye hakuyuaka hata Bunia ni wapi. Ile maneno aliisikia mu shimo. Kule bote banaiyua. Muntu mumoja aliielezaka, na bote banaichekaka, hata leo. Alizani ni weye njo umeiiba."

Na huyo aliyedhani mimi ndiye mwizi, jicho lake moja halitaona tena.

Mimi, ninayewarushia watu chupa kwa sababu mzaha wangu hufika sokoni kabla yangu, sikufikiri hata kidogo kwamba wa baba nao ungeweza kutembea. Mmoja wa wale wanane alikwenda kuchimba dhahabu, akaubeba, akawapa wenzake wakati wa kupumzika. Aliusimulia vizuri, naona, maana umefika mpaka Mudzipela bila kupotea neno. Na pale shimoni hakuna anayejua kwamba ulikuwa na mwenyewe.

Yule wa Kisangani alipiga simu wiki hiyo hiyo. Kuna mtu alikuwa amerekodi kwa simu, na picha zilikuwa zinazunguka, ila zimekatwa kabla ya kiti cha kwanza. Zinaonyesha swali, jibu kutoka safu ya tatu, na watu wakicheka. "Ile njo tunataka," akasema. "Utairudia vile vile. Ule muntu wa kuyibu mu safu ya tatu, tutakutafutia." Nilimwambia anipe dakika tano, apige tena. Sikusema hapana. Ninaandika hilo kwa sababu mama alikuwa pale na alisikia.

Aliichukua simu mkononi mwangu, akaiweka mezani. Halafu akaniuliza, "Weye iko wa nani?"

Sikuwahi kulisikia swali hilo kinywani mwake. Nikajaribu kucheka. "Miye iko wako, mama," nikasema. "Na weye mwenyewe unataka kunirudisha."

Hakucheka. "Rudia," akasema.

Nikarudia. Sauti ilikatika katikati na machozi yakanitoka, mimi nisiyelia. Simu ikaanza kuita juu ya meza. Nikafungua mdomo kusema mara ya tatu, na mama akaniziba kwa mkono wake mzima, kwa nguvu, mpaka meno yakaniumiza mdomo, akanishika hivyo hivyo hadi simu ilipoacha kuita.