Niliitikia kwa Kichwa, Viziwi wa Kanyenye Wakapanda Lori

Mimi ndiye niliyewapandisha viziwi wa Kanyenye kwenye lori. Sikuwasukuma, wala sikuwa na fimbo mkononi. Niliitikia kwa kichwa tu, mara moja, nao wakapanda wenyewe huku wakicheka.

Jina langu silitaji. Siogopi polisi, maana hakuna polisi anayenitafuta. Naogopa mwanamke mmoja wa Lusu mwenye mchi, na naona haya. Nitukaneni mtakavyo, lakini nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa njiani. Shule niliiacha darasa la tano, mwalimu kachoka na maswali yangu, mimi nimechoka na kiboko chake. Tangu hapo nimekuwa utingo wa malori, nimeuza dagaa wa Kigoma, nimerina asali misitu ya Sikonge. Sikai mahali. Ila popote nipitapo lazima niulize: hiki ni nini, kile mnakiitaje, mbona mnafanya hivi? Ugonjwa huo ndio ulionipeleka kwa viziwi.

Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio la Arusha. Lori letu liliharibika Tabora, likakaa kusubiri vipuri, nami nikapanga chumba Kanyenye. Nyuma ya chumba changu palikuwa na uwanja wa Salma, mshona kofia, kiziwi tangu utoto. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri viziwi wa mji walikutana pale. Alikuja Maganga, fundi viatu wa sokoni. Walikuja mapacha wafyatua matofali wa Ntalikwa, na wengine.

Nilichungulia juu ya ua. Kimya kabisa, na watu wanabishana! Mikono inaruka, nyuso zinanuna, mmoja anapiga mguu chini ili mwenzake asikie mtikisiko ageuke. Mara wote wakaangua kicheko kwa pamoja. Mungu wangu! Siku ile kiziwi nilikuwa mimi.

Salma aliniona. Hakunifukuza. Alielekeza vidole viwili machoni pake, kisha akavirusha huku na huku kama nzi asiyejua pa kutua. Uwanja mzima ukacheka. Hilo ndilo likawa jina langu. Kwao hujawa mtu mpaka upewe jina la mkono, na hujichagulii. Linatoka kwenye sura yako au kwenye jambo ulilofanya, watu wote wakakuona. Mimi nikawa Macho Yanayozurura.

Nilijifunza lugha yao kwa uchu. Mwanzoni nilikuwa kituko. Siku moja nilitaka kumwambia Maganga viatu vyake ni vizuri, kumbe nimemwambia mke wake ananuka ngozi. Alinirushia soli! Lakini walinifundisha, wakanichoka, wakanifundisha tena.

Kitu kilichonishika zaidi ni kumbukumbu yao ya kila mwaka, baada ya karanga kuvunwa. Walikuwa wakimkumbuka mzee mmoja aliyekwisha kufa, ambaye jina lake la mkono ni kujipigapiga bega la kushoto. Masimulizi yake alikuwa nayo Salma.

Mzee yule alikuwa mpagazi kiziwi. Alibeba pembe za ndovu begani kutoka Ujiji mpaka pwani na kurudi na mizigo ya nguo. Alfajiri msafara ulipopigiwa ngoma ya kuondoka yeye hakusikia, kwa hiyo mwenzake alimvuta kidole cha mguu. Wenye masikio walimwita Bubu, mpaka walipomzika wakamzika kama Bubu. Uzeeni alikaa Tabora, akaanza kuwaokota watoto viziwi waliokuwa wakipigwa mawe mitaani. Akawakalisha kwenye uwanja ule, akawapa majina, akawafundisha kusema kwa mikono. Salma alikuwa mmoja wa watoto hao.

Siku ya kumbukumbu walijipanga mstari, kila mtu mkono wake juu ya bega la aliye mbele, wakauzunguka uwanja wakikanyaga kwa nguvu. Mtikisiko unapanda kutoka ardhini mpaka kifuani. Wa mbele akisimama wote wanasimama, kisha kila mtu anajipiga bega. Hakuna mwenye masikio aliyewahi kuingia kwenye msafara ule. Mimi waliniingiza. Mimi!

Sasa shikeni jambo moja. Mkutano wao wa Ijumaa waliuita kwa kufumanisha vidole vya mikono miwili, kama ukili unaposukwa. Siku moja Maganga aliniuliza lile neno lililoandikwa kila ukuta wa mji ni neno gani. Nikamweleza: ujamaa, watu kukaa pamoja, kulima pamoja, kusaidiana. Akanitazama kama mpumbavu. Akafumanisha vidole.

"Hiki? Tunacho tangu Mzee!"

Basi ujamaa kwao ukawa ishara hiyo hiyo ya Ijumaa. Ishara moja tu, na ndiyo niliyowamalizia.

Balozi wetu wa nyumba kumi, nitamwita Mrisho, alikuwa mtu wa kujikweza. Wakati fulani alisimama juu ya kreti kuhutubia watu kuhusu kazi, akakunja ngumi, akavuta pumzi, na mkanda ukakatika. Suruali chini! Wenye masikio walijifanya hawakuona, maana alikuwa balozi. Viziwi hawakuwa na hotuba ya kusikiliza, walikuwa wakitazama tu. Tangu siku hiyo jina lake likawa mikono miwili kiunoni, kuvuta suruali juu.

Jioni moja nilikuwa kwenye baraza la kahawa. Wazee wamejaa, Mrisho kati yao. Muuza kahawa akanichokoza.

"Utingo, kila siku uko kwa mabubu. Hivi wanazungumza nini?"

"Si mabubu, wanazungumza kuliko wewe. Wewe mwenyewe una jina kwao." Nikajikuna shavu kwa kidole kimoja, maana alikuwa na kovu.

Watu wakacheka. Mrisho akaweka kikombe chini, akatengeneza kofia yake.

"Na mimi? Kiongozi wao wananiitaje? Nadhani wanaweka mkono kifuani hivi."

Ningenyamaza! Ningesema ndiyo, mkono kifuani, shikamoo balozi, nikaenda zangu kulala. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, nami napenda kutazamwa. Nikasimama katikati ya baraza, nikashika kiuno, nikavuta suruali juu.

Baraza likalipuka. Mzee mmoja kahawa ilimtoka puani. "Wallahi wamempata!" akawa anasema huku anajifuta. "Wamempata kabisa!"

Mrisho hakucheka. Aliondoka bila kuaga. Kesho yake watoto wa mtaa walikwisha kujua. Akipita tu, mikono kiunoni! Akienda msikitini, mikono kiunoni! Jina la mkono ni la watu wa uwanja ule, halikuwa langu kulimwaga barazani. Nililimwaga ili nichekewe jioni moja.

Haikupita muda ikaja ile operesheni ya watu kuhamia vijijini. Mjini nako wakatafutwa wasio na kazi wapelekwe wakalime. Mrisho akanifuata chumbani.

"Wewe unajua vidole vyao. Kesho lori litasimama uwanjani kwa yule mshona kofia. Utawaambia wanahamia kijiji cha ujamaa."

"Balozi, hawa wana kazi zao. Salma anashona, Maganga..."

"Kupe wote! Wanakaa Ijumaa nzima wanapunga mikono, hiyo ni kazi?"

"Basi watapelekwa kijiji gani?"

"Kila mmoja chake. Mwanamke Lusu. Fundi viatu Igunga. Wale mapacha mmoja kaskazini, mwingine kusini. Nikiwaweka pamoja watafanya nini, kama si kunivua suruali kila siku?"

"Niwaambie hivyo?"

"Waambie kijiji, inatosha." Akanisogelea. "Au twende na wewe? Huna shamba, huna mke, huna kazi. Mzururaji wa kwanza mtaa huu ni wewe. Nafasi kwenye lori ipo."

Nilikuwa mtu wa kwenda nitakako, na wazo la kuwekwa mahali nisiondoke lilinitia baridi. Kwa ajili ya baridi ile!

Kesho yake lori lilikuja na mgambo. Ilikuwa Ijumaa, viziwi wote walikuwepo. Mrisho akasema kwa sauti, kana kwamba sauti ingewafaa, "Mnahamia vijiji vya ujamaa!"

Nami nikasema kwa mikono. Nyinyi. Mnahama. Kijiji. Na ujamaa? Sikuwa na ishara nyingine. Nikafumanisha vidole.

Mngeziona nyuso zao! Walidhani wanapewa kijiji chao. Ijumaa ya kila siku! Mapacha wakakumbatiana. Maganga akaanza kufunga nyundo na sindano zake kwenye gunia. Ni Salma peke yake aliyekuja mpaka mbele yangu. Aliniangalia usoni, akafumanisha vidole taratibu, akatuelekezea kidole sote pale, akainua nyusi.

Aliniuliza: "Sisi sote? Pamoja?"

Mrisho alikuwa nyuma yangu. Hakujua ishara, lakini alijua ni swali. Nilimsikia akikohoa.

Nikaitikia kwa kichwa.

Salma akanishika bega, lile la kushoto. Kisha akapanda. Lori lilipoondoka walikuwa wanapiga miguu kwenye mbao za sakafu kwa furaha, mtaa mzima ukitetemeka, watu wametoka milangoni kushangaa.

Mimi nilibaki mjini, mzima, huru, kama nilivyotaka. Siku chache baadaye dereva wa lori alinisimulia. Mahali pa kwanza waliposhusha mtu, wengine wote walitaka kushuka. Mgambo wakawazuia kwa virungu. Mapacha walipotenganishwa, mmoja aling'ang'ania tairi. "Bubu yule alilia kwa sauti," dereva akasema. "Sijawahi kusikia sauti ile." Maganga alipoona jinsi ilivyo akatupa nyundo zake zote porini, moja moja.

Nikaondoka Tabora. Nikazunguka na malori mengine, lakini kila sakafu ya mbao ilipogonga niliisikia miguu yao.

Baada ya miaka kadhaa nikapata safari ya Nzega kuchukua pamba. Nikashuka Lusu, nikauliza. Mama mmoja aliyekuwa akianika michembe ya viazi nje akaniangalia juu chini.

"Bubu wa Tabora? Anakaa jirani yangu. Ndugu yake wewe?"

"Namfahamu."

"Basi mchukueni, mumpeleke kwa mganga. Hajui chochote, maskini, hasemi na mtu hata kwa ishara. Na ana mashetani. Karanga zikishavunwa, anaweka mkono kwenye nguzo ya zizi, anakanyaga chini kwa vishindo, anaizunguka. Kisha anajipiga bega. Watoto wanamcheka mpaka wanachoka."

Nilitaka kumweleza yule mama. Si mashetani! Ni msafara wa Ujiji, ni kumbukumbu ya mzee wao. Badala yake nikamwomba tu anipeleke kwake.

Salma alikuwa anatwanga mtama. Amekonda. Nikasimama mbali kidogo, nikapiga mguu chini kama nilivyofundishwa. Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutabasamu. Nikaanza kwa mikono: nisamehe, niliogopa, sikuwa na ishara nyingine...

Alikuja mbio akaipiga mikono yangu chini. Akaipiga tena nilipoiinua. Kisha akasema, kwa vidole vilivyokuwa vizito kama vya mtu aliyetoka kuumwa:

"Ishara ulikuwa nayo. Pamoja, hapana. Mtoto wa miaka mitatu anaijua. Usitumie mikono yetu."

Jirani alikuwa amesimama ameduwaa, michembe mkononi. "Kumbe anasema!" akapiga ukelele. "Anakwambiaje?"

Salma alikuwa amekunja ngumi, akaisimamisha wima mbele ya uso wangu kama kichwa cha mtu. Akaiinamisha mara moja, taratibu. Akaninyooshea kidole. Kisha akarudia tena, ngumi ikainama, kidole kikaninyookea.

Nilielewa. Macho Yanayozurura amekufa. Hilo lilikuwa jina langu jipya, nalo limetoka, kama desturi yao, kwenye jambo nililofanya watu wote wakaniona.

Halafu akauchukua mchi, nami nikakimbia. Mtu mzima, nilikimbia kijiji kizima kikitazama!

Nilipita Igunga kumtafuta Maganga. Aliponiona hakusubiri niinue mkono. Aliinua ngumi, akaiinamisha. Sijui habari ilimfikiaje, au kama aliniita hivyo tangu siku ya lori. Akatema mate, akaniangalia mpaka nilipopanda gari.

Mwaka jana nilirudi Kanyenye. Ule uwanja umekuwa stoo ya mbolea. Mrisho amezeeka, hanikumbuki vizuri. Nikamuuliza mlinzi wa stoo kama anajua nani alikuwa akikaa pale. "Mabubu fulani," akasema. "Walihamia vijijini, wakaendelea."

Wakaendelea!

Ninyi mnaosoma, wengi wenu mna kiziwi mtaani kwenu, na hamjawahi kujiuliza jina lake ni nani. Msije mkamwendea kwa udadisi kama wangu, wa kuokota kitu chao ukakiuze barazani kwa kicheko. Na siku akikuuliza jambo, akakutazama usoni kwa kuwa huko ndiko anakosikilizia, nawe nyuma yako amesimama mtu wa kutisha anakohoa, kitikise kichwa ukatae. Kitikise hata kama lori litakuchukua na wewe.

Karanga zinavunwa sasa. Lusu kuna mwanamke mkono wake uko juu ya nguzo. Bega lililopaswa kuwa pale nimelitembeza nchi nzima, na kila ninapomwona kiziwi barabarani naficha uso, nisije nikaiona ile ngumi ikiinama.