Miaka Niliyofuta Vioo vya Mnara

Mume wangu alipopata kiharusi, watu wa bandari walikuja kutupa pole. Walileta sukari na sabuni, wakakaa kidogo, na walipokuwa wanaondoka mmoja wao akanigeukia mlangoni.

"Na mnara je, mama?"

Nikamjibu kwamba nitauangalia. Nilidhani ni kwa muda tu, mpaka mkono wa kulia wa mume wangu upate nguvu. Mkono haukupata nguvu, na mimi nikawa mwanamke wa mnara.

Mnara huo wa taa ya kuongozea meli uko kwenye rasi ya mawe, nje kidogo ya mji wa Kigoma, umekipa kilima mgongo na kulitazama ziwa. Watu husema ulijengwa wakati wa Mjerumani. Mume wangu, aliyeirithi kazi ya kuulinda kwa baba yake, alizoea kusema kwamba mawe yake yalichongwa kilimani hapohapo na kubebwa mabegani na watu ambao hakuna aliyewaandika popote. Chini kuta ni nene kiasi kwamba mtu anaweza kujilaza dirishani. Kadiri unavyopanda, mnara unazidi kuwa mwembamba. Ndani kuna ngazi ya chuma inayozunguka ukutani, iliyolika katikati kwa miguu ya waliotutangulia. Juu kabisa ni chumba cha vioo, na ndani yake lenzi, kioo kizito chenye duara ndani ya duara, kinachoifanya taa ndogo ionekane mbali sana. Upande wa miamba waliweka kioo chekundu. Nahodha akiona mwanga mweupe, anaendelea. Akiona mwekundu, anajua amekwenda vibaya, anageuza.

Zamani za baba mkwe taa ilikuwa ya mafuta, inapigwa pampu kama karabai. Ikaja ya mitungi ya gesi. Mimi niliikuta ya betri, kwa hiyo kuwasha kulikuwa kugusa swichi tu. Kilichonimaliza ni kupanda, na kufuta. Vumbi la kiangazi, masizi ya mioto ya mashamba, wadudu wa ziwani wanaogandana kwenye kioo kama uji uliokauka. Mchana kutwa nilikuwa kwenye cherehani yangu soko la Mwanga, nikishona sare za shule na madera. Alasiri nilifunga kazi, nikarudi, nikambadilisha mume wangu shati, nikashika ndoo na kitambaa, nikaenda mnarani.

Yeye alikaa barazani kwenye nyumba yetu ya mlinzi, kwenye mteremko, akinifuatilia kwa macho. Nikirudi ananiambia kwa ulimi wake mzito, "Upande wa kusini hujafuta vizuri."

Nilikuwa nimechoka hata kugombana.

Kisha ziwa likaanza kujaa. Wenye nyumba za ufukweni walihama, vichanja vya kuanikia dagaa vikamezwa, na njia yangu ya kwenda mnarani ikaingia majini. Kwanza nilivua ndala tu. Baadaye ikawa kupandisha kanga mapajani, nikipapasa mawe kwa nyayo. Nilipeleka habari bandarini, wakasema wanashughulikia.

Siku moja ya upepo, wimbi lilinipiga ubavuni, nikateleza. Ndoo ilikwenda, nami nikaparamia jiwe na kuling'ang'ania, maji yakinipanda mpaka mdomoni. Wanawake wawili waliokuwa wanahamisha dagaa zao waliniona. Mmoja alishika mwamba, mwenzake akanivuta kwa kanga.

"Dada, unakwenda wapi kwenye maji haya?" mmoja aliniuliza, akinipigapiga mgongoni nitapike.

"Kuwasha taa."

Waliangaliana. Walinisindikiza mpaka mlango wa chuma, nikapanda nikiwa nimelowa chapachapa, nikawasha, nikaketi kwenye ngazi na kulia. Sikulia kwa hofu. Hofu ilikuwa imeshapita. Nililia kwa sababu nilijua kesho nitarudi.

Nilirudi hivyo mpaka bandari walipoleta nguzo ya chuma. Waliisimamisha juu ya kilima, ikiwa na taa ya sola inayojiwasha yenyewe giza likiingia. Fundi alikata waya wa mnara, akafunga mlango kwa kufuli, na kuniambia, "Mama, sasa pumzika."

Nilifika nyumbani nikiwa mwepesi. Nilimpikia mume wangu samaki wa migebuka na ugali, nikamwambia habari hizo. Akaisukuma sahani kwa mkono wa kushoto.

"Umefurahi," alisema.

"Ndiyo, nimefurahi."

"Baba yangu alizeekea pale. Mimi nimezeekea pale."

"Najua, baba watoto. Lakini mimi nilikuwa nakaribia kufia pale, na wewe ukiniangalia ukiwa barazani."

Aliutazama mkono wake wa kulia. Halafu akasema, "Siku ile nilikuona unaanguka. Nilijaribu kusimama."

Hakuwahi kuniambia. Nilikuwa nimemkuta sakafuni siku ile, nikadhani ameteleza tu, nikamnyanyua na kumkemea. Sasa nilisogea, nikakaa karibu yake, bega kwa bega. Chakula kikapoa.

Tumehamia Mwanga. Tumepanga vyumba viwili nyuma ya duka. Asubuhi ninamtoa nje, anakaa kando ya cherehani, anafumua nguo za marekebisho kwa wembe, kwa mkono wa kushoto, taratibu. Wapita njia wanampa shikamoo, naye anaitika, na ulimi umeanza kulegea kwa kuzungumza na wateja.

Juzi aliomba kwenda kuuona mnara. Nilimwambia sina miguu ya kufika kule. Hakukasirika. Binti yetu, aliyekuja kututembelea, alimpeleka kwa bajaji, wakautazama wakiwa barabarani. Waliporudi nilimuuliza ukoje.

"Rangi inabanduka," alisema, akachukua gauni lililobaki na kuendelea kufumua.