Kondoo Tuliyemtoa

Nilipomaliza digrii ya sayansi ya mifugo pale Chuo Kikuu cha Kabianga, Mama alinipa kazi moja tu: nimwambie ni kondoo yupi abaki. Malisho yetu tulikuwa tumeyapanda chai, na nyasi zilizosalia kando ya mtaro hazingetosha majike wawili. Mmoja angekwenda kwa shangazi yangu anayeishi Kapkatet. Kwetu mfugo akishapelekwa kwa ndugu, huendi kumdai eti kwa sababu amezaa vizuri. Unangoja upewe mtoto wake mmoja, siku mwenyewe atakapopenda.

Kulikuwa na mwekundu wa kienyeji, na mweupe mwenye kichwa cheusi, wa damu ya Dorper, kondoo wa kigeni wa nyama. Mweupe alikuwa amezaa mapacha mara mbili. Mwekundu alizaa mmoja mmoja. Mtu mwingine angejibu papo hapo. Mimi mradi wangu wa mwisho chuoni ulikuwa kuhusu kinachofanya kondoo azae mapacha, na labda ndiyo maana nilishindwa.

"Mama, hawa wanaweza kuwa na jeni ileile," nilimweleza. "Ila kwa mmoja inafanya kazi kwa nguvu kwenye ovari, mayai mawili yanakomaa pamoja. Kwa mwingine imetulia tu."

"Imetulia kwa nini?"

"Inaweza kuwa ukoo. Inaweza kuwa umri. Ama chakula."

"Daktari, nimekuuliza kondoo, unanipa mtihani."

Nikaanza kumfuata akiwalisha. Ndipo nikaona kwamba majani ya viazi vitamu yote yalikwenda kwa mweupe. Mwekundu alifungwa kando ya barabara, ale alichopata.

"Huyu ana mapacha wa kunyonyesha," Mama akasema.

Je, alilishwa kwa sababu alizaa mapacha, au alizaa mapacha kwa sababu alilishwa? Nikamuuliza alikuwa akimpa nini kabla hajazaa mara ya kwanza.

"Majani hayo hayo. Si alikuwa mgeni? Mgeni humpi nyasi za barabarani."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilimwomba msimu mmoja tu, tuwalishe sawasawa. Akasema nyasi hazisomi, haziwezi kungoja utafiti.

Jumamosi shangazi akafika na kamba yake. "Wangu ni yupi?"

Mama akanitazama.

"Bado sijui," nikasema.

Shangazi akacheka mpaka akashika nguzo ya boma. "Miaka yote hiyo darasani! Basi nipe huyu mwekundu. Huyo mwingine amezoea kuletewa chakula kama mheshimiwa, mimi sina nafasi hiyo."

Nilitaka kumzuia, lakini ningemzuia kwa sababu gani?

Miezi kadhaa baadaye alipiga simu: mwekundu amezaa mapacha, wote wazima. Mama alishukuru, akaulizia majirani, akakata simu.

"Kwa hivyo tulimtoa yule mzuri?"

Nikaanza: dume wa shangazi ni mwingine, na pengine alimlisha vizuri zaidi, na umri...

"Ndiyo ama hapana?"

"Sijui, Mama. Kweli sijui."

Hakunitania. Alikwenda kukata majani ya viazi, akamtupia mweupe, kisha akasimama akimtazama akila, mkono kiunoni. Mimi nilisimama kando yake.