Ufagio wa Wayua

Mzee Kivuva wa upande wa Mutomo hakuwa akisema na mkaza mwanawe ana kwa ana. Ndivyo alivyolelewa. Baba mkwe hali meza moja na mke wa mwanawe, na akiwa na neno la kumwambia humtuma mtu, au humwambia mbuzi kwa sauti mama huyo akiwa karibu. Siku hizi vijana huiita hiyo ushamba. Wao wanakaa kochi moja na wakwe zao wakitazama televisheni, wamekunja miguu, na wanadhani wamestaarabika.

Wayua, mkewe Kivuva, alipokuwa hai, maneno yote yalipita kwake. Alipofariki, boma lilibaki na watu wazima wawili wanaoheshimiana mpaka kimya: Kivuva mwenyewe, na Ndinda, mama Kasyoki, mke wa mwanawe Nzuki. Nzuki yuko Mtito Andei, anaziba magurudumu ya malori, na kila akija nyumbani huja na maoni.

Maoni yake ya mwisho yalikuwa nyasi ya kapeti. Aliileta kwa pikapu kutoka Kilungu, imekatwa vipande vipande, akaitandaza mbele ya nyumba ya mabati ili boma lifanane na hoteli. Lakini Kilungu kuna maji, na Mutomo kuna jua. Nyasi ile ilikunywa maji ya kufulia, ikanywa na ya mbuzi, kisha ikafa ikakauka kama ngozi iliyowambwa. Chini yake udongo ukawa mgumu kama sakafu. Kila mvua iliponyesha, maji ya paani na ya uwanjani yaliteremka pamoja, yakachimba korongo upande wa chini, na korongo likawa linakula ardhi kuelekea kaburi la Wayua.

Kivuva alijua dawa yake. Alipokuwa kijana akichunga, mbeetwa, nyasi ya asili ya huko, ilimfika magotini, na mvua ikipiga hukuona maji yakikimbia. Yalizama pale pale yalipoanguka. Kisha wakaja wenye makaa, wakaja wenye ng'ombe wengi kuliko malisho, wakaja wenye miradi na mabango. Mabango bado yapo. Mbeetwa alikwenda kuitafuta kando ya reli, ndani ya ua ambamo ng'ombe hawafiki, akaivuna mbegu kwa mkono na kuihifadhi katika kibuyu msimu mzima, maana mbegu mbichi ya mbeetwa hailali udongoni ikaota; hutaka kwanza kukomaa.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, aliing'oa kapeti ya mwanawe kwa jembe, akauvunja ule ugumu kwa sururu, akachora mifereji myembamba ya kukingama mteremko. Mbegu hakuifukia kama mahindi. Aliichanganya na samadi iliyosagika, akainyunyiza juu juu, akaitawanyia makapi isipeperushwe. Ndinda alikuwa ameshinda kanisani kwenye maombi ya akina mama. Kivuva akampigia simu Nzuki.

"Mwambie mama Kasyoki asiguse pale mbele. Nimepanda."

"Umepanda nini, baba?"

"Mbeetwa."

Nzuki alicheka. "Watu wanang'oa nyasi, wewe unapanda! Haya, nitampigia."

"Umpigie sasa."

"Sasa hivi, baba. Wacha nifunge hii tairi."

Asubuhi Kivuva alikwenda kukata miiba ya kuzungushia, mbuzi wasiingie. Akiwa njiani kurudi, mzigo begani, aliona moshi ukitoka nyuma ya jiko.

Ndinda alikuwa amesimama uwanjani na ufagio wa vijiti. Uwanja ulikuwa umelainika, mistari ya ufagio imepangana kama nywele zilizochanwa.

"Karibuni, baba," alisema, macho chini. "Poleni na jua. Kuku walichakura hapa wakajaza takataka, lakini nimefagia na kuchoma yote. Na nimefurahi mmeitoa ile kapeti ya baba Kasyoki. Sasa ni kama wakati wa mama. Mama alikuwa ananiambia, Ndinda, uwanja ukionekana na jani moja, wageni watasema mwenye nyumba amelala."

Ni kweli, Wayua alisema hivyo. Alifagia kila asubuhi ya ndoa yao, na watu wakamsifu, na kila asubuhi udongo kidogo ulitoka na ufagio. Kivuva alitua mzigo wa miiba. Kisha akamgeukia mbuzi aliyefungwa penye mti.

"Wewe," alimwambia, "ona vile uwanja umependeza."

Akaenda kuitupa miiba kaburini, kwenye ukingo wa korongo.

Mvua ilikuja wiki ile ile. Ilipopusa, korongo lilikuwa limekula upande wa miguuni pa Wayua, saruji imening'inia hewani. Ndinda alibeba mawe akilia. Kivuva naye alibeba, akiyaweka chini mahali ambapo Ndinda angeweza kuyaokota, si mkono kwa mkono.

"Kungekuwa na kitu cha kushika huu udongo," Ndinda alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Jioni Nzuki alipiga simu. "Baba, ile siku nilisahau kumpigia mama Kasyoki."

"Usimpigie tena," Kivuva alisema. "Usimwambie kitu. Ataubeba mzigo huo mpaka afe."

Pembeni mwa ukuta wa jiko, ambapo ufagio haufiki vizuri, pameota mashina machache ya mbeetwa. Yakizaa, yatatoa mbegu ya kujaza kiganja cha mkono, basi. Kivuva ameyaegemezea kigae cha chungu. Kila alfajiri huamka kabla ya Ndinda, akakaa kitandani akisikiliza ufagio ukija, ukifika kwenye ile pembe, mpaka asikie umepita.